Chumba cha kasa ni mchanga wa Shela

Ukishuka mashua Shela, kisiwani Lamu, fuata ufuko ukiupa mji mgongo, bahari kushoto na vilima vya mchanga kulia. Hapa kasa hupanda usiku kutaga. Huchimba shimo la kina cha kama nusu mita, akaacha mayai mia moja hivi, akayafukia na kurudi baharini.

Mchanga huo ndio chumba cha wanawe. Sharti uwe na unyevu: ukikauka, yai hunywea, ukijaa maji ya bamvua, kitoto kilichomo hukosa pumzi. Joto nalo huamua jinsia, maana mchanga wenye joto zaidi huzaa majike. Kiota kikiwa mahali panapofikiwa na maji, walinzi huyahamishia mayai juu mapema, katika shimo mfano wa lile la mama, bila kuyageuza, kwani yai likipinduliwa kitoto huweza kufa.

Baada ya siku 60 hivi vitoto hutoka usiku, vikafuata mwanga wa bahari. Taa za majumba huvipoteza.

Basi msomaji, ukikiona kimoja usikibebe ukakifuge karaini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza. Zima tochi, ukipishe njia.