Usiulize Noah, Uliza Voxy

Namshukuru Mungu, Noah yangu inapiga kazi tena, na nataka madereva wenzangu wa Kyerwa na Karagwe wasikie jinsi mota moja ya kioo ilivyotaka kuniziba riziki.

Kioo cha mlango wa dereva kilishuka katikati ya masika, nikitoka Nyakatuntu na abiria kuelekea Omurushaka, na hakikupanda tena. Kwa wanaoishi kwenye lami hilo ni jambo dogo. Huku kwetu kama si tope ni vumbi jekundu, na lori la ndizi likikupita, vumbi lake mnalila gari zima. Mvua ikinyesha, maji yanaingia mpaka kwenye swichi za mlangoni. Nilibandika nailoni, upande wa kulia nikawa sioni kitu, na usiku nikilala roho juu kwa hofu ya wezi. Kina mama waliozoea kunipigia niwapeleke na watoto hospitali ya Nyakahanga wakaanza kupanda magari mengine. Sikuwalaumu. Nani atampitisha mtoto mwenye kichomi kwenye upepo ule? Na ada ya wanangu ilitegemea gari hilohilo.

Fundi umeme wa Nkwenda alifungua mlango, akachomoa soketi, akavuta waya mbili kutoka kwenye betri na kuzigusisha kwenye mota moja kwa moja. Kimya. Akazigeuza, chanya huku, hasi kule. Kimya. Alipoifungua, makaa yake yalikuwa yameliwa yakaisha, na grisi imechanganyika na vumbi ikawa udongo. "Swichi nzima, fyuzi nzima, mashine ya kioo nzima," akasema. "Tafuta mota tu, kaka."

Huko kutafuta ndiko kulikonitesa. Mota mpya sikuiweza, kwa hiyo nikageukia mtumba. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwa simu kwamba anayo "ya Noah". Nikatuma pesa niliyokopa kwenye kikoba. Mzigo ulipofika, ilikuwa ya Noah ya zamani, SR40. Langu ni AZR60, umbo lililoanza kutoka mwaka 2001. Jina moja, magari mawili: matundu ya boliti hayakukutana, soketi haikuingia. Pesa hakurudisha, na simu zangu akaacha kupokea. Nililia, sioni haya kusema.

Mwingine alinishauri ninunue ya kushoto tuilazimishe. Haiwezekani, ya kushoto na ya kulia zinatazamana kama viganja vya mikono. Kigali si mbali, lakini usukani wao uko kushoto. Nikawa nafikiria kuvuka Murongo niagize Kampala, ambako usukani ni wa kulia kama kwetu.

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya gereji miaka mingi Kayanga ndiye aliyenifungua macho. "Mwanangu, acha kuuliza Noah. Uliza Voxy." Voxy na Noah ya AZR60 ni mapacha wa Toyota, zinatofautiana sura ya mbele, milango ni ileile. Akaniagiza nipige picha ya soketi, meno, matundu ya boliti na ile namba ya kwenye lebo inayoanza na 857, kisha niambatanishe na namba ya chesisi.

Nilimtumia zote kijana mmoja wa Mwanza anayeuza spea za magari yaliyokatwa. Hakukimbilia kusema ipo. Aliomba picha ya soketi kwa karibu zaidi, akahesabu pini. Baadaye akanipigia kwa video, mota ya Voxy iko mezani, waya kwenye betri, nikaiona inazunguka mbele na nyuma. Hapo ndipo nikalipa. Akaikabidhi kwa basi la Karagwe na kunitumia picha ya risiti ya mzigo.

Fundi wangu aliifunga, kioo kikapanda mpaka juu bila kukwama. Lakini aligoma kurudisha mlango mpaka tubadilishe ule mpira wa nje unaofuta kioo. Ulikuwa umekatika, na hapo ndipo maji na vumbi vilikuwa vikipenya. Namheshimu sana kwa hilo.

Kina mama walirudi. Msimu wa kahawa ulipofunguka abiria wakawa wengi, ada ikalipwa, deni la kikoba likaisha. Mota mbovu nilimwachia fundi. Meno yake yalikuwa bado mazima, na ameshayatumia kwenye Voxy ya dereva mmoja wa Kaisho.