Gitaa la Marehemu Baba

Afikaye Bukavu kwa meli kutoka Goma huuona mji kama mkono uliolaza vidole vitano majini mwa Ziwa Kivu. Zamani za Wabelgiji uliitwa Costermansville. Ziwa li mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo mjini Mto Ruzizi huliacha ukashuka kwenda Tanganyika. Juu mlimani ni Kadutu, mtaa wa soko kubwa na wa mafundi wa kila namna. Huko ndiko tulikopanda juzi, gitaa mgongoni.

Gitaa hilo tulilirithi kwa marehemu baba. Ni la mbao tupu, halina umeme. Rangi imefifia, na kando ya tundu mbao imelika kwa vidole vya miaka mingi. Baba alijifunza kwa kusikiliza santuri za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimnasa sauti mwaka 1952 huko Jadotville, siku hizi Likasi. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, na msikilizaji alidhani wapo wapigaji wawili.

Baba alikuwa katekista, na wengine walimnung'unikia: ala ya baa yaingiaje kanisani? Yeye aliwaeleza kwa upole kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikiheshimu kinanda cha mabomba, lakini haukuzifungia mlango ala nyingine, mradi zifae kwa ibada na wakubwa wa Kanisa wakubali. Basi, aliomba ruhusa kwanza, ndipo akapiga.

Oktoba 1996 vita viliingia mjini. Tarehe 29 aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Tulikuwa wadogo; twakumbuka njia ya Walungu, mama na kikapu cha unga, baba na gitaa. Mama akamwambia, "Baba watoto, kuni hizo zatufaa nini?" Usiku wa pili tulilala sakafuni mwa darasa pamoja na jamaa nyingi, na watoto walilia kwa hofu. Baba akapiga polepole gizani, wakanyamaza mmoja mmoja. Tangu siku ile mama hakuliita kuni tena.

Mwaka huu kibao kinachoshika nyuzi kilianza kubanduka. Kosa ni letu: tuliliacha dirishani penye jua, nyuzi zimekazwa. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ipitayo kilo 60, na joto hulegeza gundi. Wakati huohuo mchuuzi mmoja alitaka kulinunua, na karo ya mdogo wetu ilikuwa haijalipwa. Twakiri kwamba tulikwisha kukubali bei moyoni. Tukamwuliza mama.

"Mwanangu," alisema, "karo nitaitafuta kwa maharagwe ya shamba. Hili likiuzwa, tutalinunua wapi tena?"

Tukaona haya, kwa maana mama aliyeliita kuni ndiye aliyelitetea.

Fundi seremala wa Kadutu, mzee wa maneno machache, alikwangua gundi ya zamani, akapaka mpya, akakibana kibao siku mbili. Alikubali nusu ya malipo, nusu nyingine mwisho wa mwezi. Alipotukabidhi alisema, "Mwalimu, ukiliweka, legeza nyuzi. Hata mtu hawezi kukazwa siku zote."

Wasomaji wapenzi, huenda nanyi mna kitu cha wazee nyumbani. Kifuteni kwa kitambaa kikavu, kiepusheni na jua na mvua. Lakini msikifungie sandukuni. Wapeni watoto wakishike, mkiwasimulia kilikotoka. Karo ya mdogo wetu ililipwa kwa mafungu mawili, na maharagwe yalipungua chunguni. Dominika iliyopita yeye ndiye aliyelipiga gitaa kigangoni, na mama alikaa benchi la mbele.