Mashine ya Kusikiliza Lori

Julai 2007 Nairobi ilitikisika siku kadhaa. Mitetemo ilianzia kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron, na pigo la tarehe 17, lenye ukubwa wa 5.9, liliwatoa watu mbio maofisini. Mtaani kwetu Mowlem, Eastlands, tulisimama nje ya ploti tukiulizana kama ni salama kurudi ndani. Rafiki yangu nami, wa kidato cha tatu, tukawa tumepata mradi wa Kongamano la Sayansi la shule: mashine ya kunasa matetemeko.

Kwa wauza skrepu wa Kariobangi tulinunua gia kuukuu ya lori. Tuliifunga kwenye mkono wa chuma ulioegemezwa kama mlango uliopinda bawaba, ule unaojirudisha wenyewe polepole. Sakafu ikisogea, gia kwa uzito wake huchelewa kufuata, na kalamu iliyo kwenye ncha ya mkono huchora tofauti hiyo kwenye karatasi inayozungushwa na mota ya redio kaseti. Kalamu ilikuwa haitulii ikishaguswa, mpaka fundi mmoja wa kusokota mota akatuambia, "Vijana, wekeni oili." Bamba dogo lililoning'inia mkononi tukalizamisha ndani ya oili chafu. Ikatulia.

Tulichopata kwenye karatasi ni lori za mchanga. Matatu pia, na jirani akitwanga. Mvua iliponyesha, udongo mweusi wa Eastlands ukafura, sakafu ikainama kidogo tu, na mkono mzima ukalala upande.

Kwenye Kongamano, jaji alituuliza tungetofautishaje lori na tetemeko. Swali zuri, na jibu tulikuwa nalo: mtikisiko wa lori huvimba kisha hufifia, lakini tetemeko hubisha mara mbili. Wimbi la haraka hutangulia, lenye nguvu hufuata. Zidisha sekunde zilizo kati yao kwa 8, utakadiria kilomita. Kutoka Natron sekunde hizo zingezidi 20. Ila jaji alitaka lori ziondolewe kabisa, na wakati huo hata mimi niliziona takataka.

Mwaka 2020, magari yaliposimama kwa sababu ya korona, wanasayansi wa nchi nyingi walitumia kelele hizohizo kupima utulivu wa miji. Mahali pengine zilipungua kwa nusu. Mpwa wangu sasa hulaza simu kwenye sakafu ya ghorofa yao, maana simu ina kihisi cha mtikisiko ndani. Anataka kujua orofa ipi hutikiswa zaidi na lori. Tetemeko hajaliuliza.