TEMBEA SIKU MOJA KATIKA MILIMA YA ULUGURU

Ukifika Morogoro mjini, tazama upande wa kusini. Utaona milima mirefu ya kijani. Hiyo ndiyo Milima ya Uluguru. Wasafiri wengi huiona kwa dirisha la basi, kisha huendelea na safari yao. Leo tuipande kwa miguu, wewe na sisi.

Wakati wa kwenda

Nenda mwezi wa Juni, masika yakiisha. Wakati huo njia zimeanza kukauka, mito bado ina maji na hewa ni ya baridi. Ondoka alfajiri. Vaa viatu imara. Chukua maji, chakula na sweta. Usiende peke yako. Tafuta mwenyeji anayezijua njia, na waambie watu nyumbani unakokwenda. Msitu wa juu ni msitu wa hifadhi. Kwa hiyo pata kwanza kibali cha ofisi ya misitu.

Njiani

Njia inaanza kupanda mara tu unapouacha mji. Utakutana na akina mama wanaoteremka sokoni. Vichwani wamebeba ndizi, kabichi, karoti na maharage. Wapishe njia, na uwaamkie. Wenyeji hapa ni Waluguru. Kwa mila zao, ukoo hufuata upande wa mama.

Baadaye utafika Morningside. Hapo pana nyumba ya zamani ya mawe. Ilijengwa enzi za Wajerumani, ambao walitawala Morogoro hadi mwaka 1916. Pumzika hapo. Mji wote unauona chini yako.

Juu zaidi unaingia msituni. Miti imefunikwa na kuvumwani, na jua halionekani vizuri. Kilele cha Bondwa kina urefu wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hapo imesimama minara ya mawasiliano. Mawingu yakishuka na njia isionekane, rudi. Kilele hakitahama.

Maji yanatoka wapi?

Sasa sikiliza. Kila bonde lina sauti ya maji. Upepo kutoka Bahari ya Hindi huleta mvuke. Mvuke ukipanda mlimani hupoa, ukawa mawingu na mvua. Majani yaliyooza chini ya miti hunyonya maji ya mvua, kisha huyatoa polepole. Ndiyo maana vijito havikauki upesi wakati wa kiangazi.

Mto Ruvu unaanzia katika milima hii. Wakazi wengi wa Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu. Mto Ngerengere pia unatoka hapa, nao hutia maji katika bwawa la Mindu, linalohudumia Morogoro mjini. Basi mtu akichoma moto msitu huku juu, mtu mwingine aliye mbali atakosa maji.

Shida ya mteremko

Mashamba mengi yamelimwa kwenye miteremko mikali. Udongo usiposhikwa, mvua huuteremsha mtoni.

Waingereza walijaribu kuzuia jambo hili kwa amri. Miaka ya 1950 waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi udongo mbaya wa chini ulikuja juu. Mazao hayakuongezeka. Mwaka 1955 wananchi walikataa, na ghasia zikatokea. Mpango huo ukaachwa.

Je, wakulima hawa hawakuupenda udongo wao? Waliupenda. Walichokataa ni kulazimishwa kufanya kazi isiyowapa faida. Mkulima hulinda udongo akiona faida yake na akishirikishwa katika uamuzi. Kupanda miti, kulima kwa kukingama mteremko na kuacha kuchoma majani ni kazi ambazo kijiji kinaweza kupanga chenyewe.

Na kwenu je?

Teremka mapema, kabla ya jua kuzama. Usikate mti wala kuacha moto au takataka nyuma yako.

Ukirudi kijijini, fanya safari nyingine fupi. Fuata kijito mnachochota maji mpaka kwenye chanzo chake. Tazama kama miti bado ipo. Tazama nani analima karibu. Kisha lizungumzeni jambo hilo katika mkutano wa kijiji, pamoja na wale wanaolima hapo.