Msomaji Mwenye Haraka: Tafakuri juu ya Tawasifu ya Mtoto Aliyeteswa

1. Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundisha sarufi ya Kiswahili na, kila ilipolazimu, somo la tafsiri. Katika semina moja ya shahada ya pili niliwapa wanafunzi jina la kitabu walitafsiri, nikidhani nawapa zoezi jepesi la ngeli. Zoezi hilo lilinifundisha jambo kuhusu usomaji ambalo vitabu vya isimu havikuwahi kunifundisha. Lilinipa pia fedheha ambayo naona inanipasa kuieleza mbele ya wenzangu katika taaluma hii. Mwanafunzi ambaye habari zake zimo katika makala haya ameyasoma na kuyaridhia. Kiswahili chenyewe kinanisaidia kumsitiri: kiambishi a- hakimwambii msomaji iwapo anayetajwa ni mwanamume au mwanamke, nami nitakiacha kifanye kazi hiyo hadi mwisho.

2. Kitabu na jina lake

Kitabu chenyewe ni A Child Called "It" cha Mmarekani Dave Pelzer, kilichotoka mwaka 1995. Ni tawasifu ya utoto uliopita katika mji wa Daly City, jimbo la California. Mwandishi anasimulia jinsi mama yake mzazi alivyomtenga na ndugu zake, akamnyima chakula, akamlaza katika gereji chini ya nyumba, akamchoma mkono kwa moto wa jiko la gesi na kumnywesha amonia. Mwezi Machi 1973, akiwa na umri wa miaka 12, watumishi wa shule yake waliita polisi, naye akaondolewa nyumbani humo. Wakati huo mama alikuwa ameacha zamani kumwita kwa jina lake. Alimwita kwa kiwakilishi ambacho wasemaji wa Kiingereza hukitumia kwa vitu na wanyama.

Hapo ndipo kazi ya mfasiri inapoanzia. Kiswahili hakina kiwakilishi kimoja chenye kazi hiyo, kina ngeli. Tena, kama tujuavyo, viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa a-wa hata pale umbo la nomino linapowavuta kwingine: kijana amekuja, kipofu ameketi, kiboko amezama. Lugha imewawekea ulinzi. Atakaye kumshusha mtu humtoa nje ya ulinzi huo: kitoto kile kinalia, toto lile linakula. Ni kweli kwamba kitoto huweza pia kuwa neno la mapenzi, na sauti ya msemaji ndiyo huamua, lakini msemaji anayemwambia mtoto "hiki nacho kinataka nini?" haachi shaka.

Wanafunzi walileta mapendekezo matatu: "Mtoto Aliyeitwa Kitu", "Mtoto Aliyeitwa Lile" na "Mtoto Aliyeitwa Kile". La kwanza lilikataliwa kwa kuwa mtu mwenye hasira hamwiti mwenzake kitu; hilo ni neno la mwanafalsafa. La pili lilionekana kuwa na ghadhabu nyingi mno, nasi tulitafuta neno lenye baridi. Tukakubaliana juu ya la tatu. Ubao ulijaa mifano, nami niliondoka darasani nikiwa na furaha ya mwalimu ambaye somo lake limekwenda vizuri. Niliwaagiza wakakisome kitabu chenyewe, turudi baada ya wiki mbili.

3. Namna nne za kukisoma

Waliporudi, majibu yao yalikuwa ya namna nne. Nayaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu nimeyakuta pia, kwa sura nyingine, kila mahali ambapo vitabu vya aina hii vimesomwa.

Kundi la kwanza lilisema kwamba hayakutokea. Hoja yao kuu ilikuwa methali: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama aliyebeba mimba miezi tisa hawezi kumchoma mwanawe motoni. Basi mwandishi anatunga. Hapa sina budi kusema kwamba shaka hii ina historia nje ya darasa letu. Mwaka 2002 mwandishi Pat Jordan alichapisha katika jarida la gazeti la New York Times makala yaliyohoji ukweli wa Pelzer, na ndugu mmoja wa Pelzer alikana kwamba mateso hayo yalitokea. Mwaka 2005 ndugu mwingine, Richard Pelzer, alitoa kitabu chake, A Brother's Journey, akathibitisha kuwapo kwa mateso katika nyumba ile. Alikiri kwamba yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alimsaidia mama kumtesa kaka yake, na kwamba kaka alipoondolewa mateso yalimgeukia yeye. Mwanataaluma ana haki ya kupima ushahidi, na tawasifu ni ushahidi wa kumbukumbu, yenye mapengo kama kumbukumbu zote. Lakini wanafunzi wangu hawakuwa wamepima ushahidi wowote. Methali iliwafikisha kwenye hukumu kabla kitabu hakijafika kati.

Kundi la pili lilikubali kwamba yalitokea, ila yasingesemwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Mama alikwisha kufa kitabu kilipotoka. Faida gani kumvua nguo marehemu? Nao hawako peke yao. Maya Angelou, katika I Know Why the Caged Bird Sings cha mwaka 1969, alisimulia jinsi alivyobakwa akiwa na umri wa miaka minane hivi na mwanamume aliyekuwa akiishi na mama yake. Mtu huyo alipouawa baadaye, mtoto aliamini kwamba sauti yake ndiyo iliyomuua, akanyamaza kwa takriban miaka mitano. Kitabu cha mtu aliyepoteza sauti na kuipata tena kimekuwa miongoni mwa vitabu vilivyopingwa mara nyingi katika shule za Marekani. Kwetu, ingawa hiyo ni riwaya na si tawasifu, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971 iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa kuwa ilizungumza waziwazi mambo ya mwili. Wasomaji wengi waliohofia mwenendo wa Rosa hawakukaa sana na kurasa za awali, ambamo Zakaria anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana.

Kundi la tatu lilisema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Kwetu mtoto ni wa jamaa nzima. Shangazi angeona, bibi angeuliza, jirani angepiga hodi. Kisha, bila kuona kwamba wanajipinga, wakaongeza kwamba kiboko kidogo si mateso, maana mchelea mwana kulia hulia yeye. Niliwakumbusha utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011. Kati ya vijana waliohojiwa, takriban wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopata ukatili wa kimwili walikaribia robo tatu, wasichana kwa wavulana. Mwaka huohuo wa 2009 Bunge lilitunga Sheria ya Mtoto. Wanafunzi waliandika takwimu hizo, wakaendelea kuamini walivyoamini.

Kundi la nne lililia. Mwanafunzi mmoja alisema alisoma kitabu kwa usiku mmoja, akapiga simu alfajiri kumshukuru mama yake. Jibu hili lilinigusa kuliko mengine, na silidharau. Hata hivyo niliona kwamba safari yake iliishia kwa mama wa msomaji. Mtoto wa Daly City alikuwa amekwisha kusahaulika.

4. "Huyo"

Hadi hapo nilijiona niko juu ya makundi yote manne. Mimi nilikuwa mwanaisimu; kazi yangu ni kusikiliza jinsi jambo linavyosemwa.

Palikuwa na mwanafunzi mmoja, mtu mzima, mwalimu wa shule kwa miaka mingi kabla ya kujiunga nasi, ambaye hakuwa amesema neno. Tulipokuwa tunarejea kwenye jina la kitabu, akasema kwa utaratibu, bila kunyosha mkono:

"Kile si lazima, Mwalimu. Nyumbani kwetu niliitwa huyo. Huyo alete maji. Huyo asile na wenzake. Jina langu nililisikia shuleni."

Darasa lilinyamaza. Nami nikageuka ubaoni, nikaandika huyo, nikalipigia mstari, nikasema, "Mfano mzuri sana." Nikaeleza kwamba mfano huo unasahihisha hoja yangu ya awali: kumbe upatanisho unaweza kubaki wa mtu na utu ukaondolewa, kumbe kionyeshi cha anayetajwa, kikitumiwa kwa mtu aliyepo na kumsikia msemaji, humfanya asiyekuwapo. Maelezo hayo yalikuwa sahihi, na hata leo nayaona sahihi. Wanafunzi waliandika. Baada ya dakika tano tulikuwa kwenye jina la kitabu kingine.

Mwishoni mwa muhula nilisahihisha insha zao. Watatu walikuwa wameutumia mfano wa huyo, na kwa uangalifu wa kitaaluma wakaandika kwamba ni "mfano wa darasani". Nikaifikia insha ya mwenye mfano. Iliandikwa vizuri. Katika jedwali la vionyeshi, kwenye ngeli ya kwanza, palikuwa na huyu na yule. Safu ya katikati ilikuwa tupu. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Umesahau huyo."

Niliyaona maneno hayo yakiwa yamekwisha kuandikwa. Wino hauna namna ya kurudi.

5. Mazungumzo

Nilimwita ofisini. Akaja, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikaitikia. Nilimwonyesha karatasi na kumwomba radhi, kwa maneno hayo na kwa siku ile ya semina. Nikasema kwamba mimi, ninayefundisha kauli ya kutendwa, nilisikia "niliitwa" na sikujali kwamba mtenda hakutajwa. Nilipaswa kuuliza: na nani?

Akatikisa kichwa. "Ungeniuliza nisingejibu, Mwalimu. Sikutaka kuulizwa. Nilitaka tu usiharakishe."

Akanyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba alikuwa amekisoma kitabu kile mara mbili, na kwamba hakuguswa zaidi na mateso. Alirudia kurasa za mwanzo, za siku ile ya shule: muuguzi anayekagua mwili wa mtoto na kuandika anachokiona, kama alivyokwisha kuandika siku nyingine zilizopita, watu wazima wanaokaa pamoja naye. "Yule muuguzi alisoma," alisema. "Hakulia, hakukataa, hakusema ni mambo ya nyumbani. Alisoma mpaka mwisho, ndipo wakapiga simu."

Alipotoka aliniachia karatasi yake. Safu ya katikati hakuijaza, nami sikumtaka aijaze.

6. Hitimisho

Tangu siku hiyo nimeyatazama upya makundi yale manne, nikajiweka la tano. Anayekana, anayefunika, anayesema si kwetu, anayelia akamkumbuka mama yake, na anayechambua: wote tunafanya kazi moja, nayo ni kulivuka jambo upesi. Kila mmoja ana chombo chake. Wengine wana methali, wengine machozi. Mimi nilikuwa na chaki. Chombo changu kilikuwa kibaya zaidi kwa kuwa kilifanana na usikivu.

Lugha yetu hutupa njia nyingi za haraka hiyo. Tunasema mtoto "ameharibiwa", na tasfida hiyo huuweka uharibifu ndani ya mtoto, kana kwamba yeye ndiye chombo kilichopasuka. Tunasema "alifanyiwa kitu kibaya", na mtenda hutoweka pamoja na tendo. Sisemi tuziache tasfida. Mara nyingine ndizo nguo pekee alizo nazo aliyeumizwa, na mwenye haki ya kuzivua ni yeye. Ninachosema ni kwamba msomaji anapaswa kuona kwamba hapo pana nafasi tupu, akae mbele yake bila kuijaza kwa maneno yake mwenyewe.

Pengine wasomi wenzangu watasema kwamba darasa si mahali pa mambo haya, na kwamba mwalimu wa isimu hakuajiriwa kuwa mshauri nasaha. Nakubali sehemu ya pili. Ama ile ya kwanza, takwimu nilizozitaja hapo juu zina maana kwamba katika semina yoyote ya watu kumi na wawili, tunaposoma kitabu cha namna hii kama habari za watu wa mbali, yupo anayejisoma mwenyewe. Tumpe angalau muda.

Bado nafundisha vionyeshi. Ninapofika huyo hueleza matumizi yake yote, likiwamo lile la dharau, kwa mfano niliotunga mwenyewe. Kisha husubiri kidogo kabla ya kufuta ubao.