Mshono wa Ukindu

Tulipokwisha kusoma khitima ya marehemu shangazi yangu, binti zake walinikabidhi mkoba wa ukindu ambao ndani yake mlikuwa na kokoto moja tu, nyeusi, laini mfano wa yai la njiwa. Nami nikatambua kwamba hapa mtaani kwetu, kisiwani Pemba, nimebaki peke yangu niwezaye kusema kwa yakini namna alivyoitumia.

Ya utoto wangu si mengi. Nilizaliwa msimu wa karafuu, nikasoma chuoni kisha skuli, na nilipotimiza miaka kumi nikapelekwa kwa shangazi huyo, aliyekuwa akifinyanga vyungu na vyetezo asubuhi na kusuka ukili wa ukindu jioni. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba udongo mtupu hauvumilii moto wa uwanjani, kwa kuwa moto wa kuni na makuti hupanda kwa ghafla. Ndipo tukawa tukitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo huo, ili unyevu uliosalia upate njia ya kutokea. Chombo kikishakauka nusu, husuguliwa kwa kokoto mpaka king'ae, na mng'ao huo hudumu kwa sababu moto wetu si mkali. Katika joko la umeme lipitalo nyuzi 1,000 hupotea.

Utu uzimani nilianza kufinyanga vyombo vifikavyo kifuani mwangu, visivyokusudiwa maji wala mchuzi, nikivivisha ukili mabegani. Sura ya kiumbe sikuifinyanga, maana shangazi hakuiridhia. Wapo walioiita kazi hiyo ya jikoni, na hao mimi huwajibu kwa kumtaja mfinyanzi Bi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye baada ya kwenda kusoma Uingereza alisafiri mpaka Abuja, Nijeria, kujifunza kufinyanga kwa mkono, pasi na gurudumu, kwa wanawake wafinyanzi, Ladi Kwali miongoni mwao.

Ila lililonikaa moyoni ni suala la gundi. Mwandalizi mmoja wa maonyesho, ambaye simtaji jina, aliona kushona ni kupoteza wakati, akaamuru ukili wangu ugandishwe. Masika yalipoingia ukavimba kwa unyevu, ukabanduka pamoja na ngozi ya udongo, na lawama ikatupiwa ukindu.

Sikilizeni, wanangu, mnaokimbilia gundi na nailoni! Udongo hunywea mara mbili, ukikauka na ukichomwa, yapata sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo tundu za kushonea ukili hutobolewa mapema, pana kuliko uzi. Chombo kikishatoka motoni na kupoa, hakina tena cha kunywea, na hapo ndipo ukili hulowekwa, ukashonwa ungali majimaji, kwa ukindu uo huo. Nao ukikauka hujikaza wenyewe, ukakishika chombo kuliko mkono uwezavyo kuvuta. Nailoni hainywei kama ukindu. Hiyo itauvuta ukili kwa nguvu gani?

Chombo changu cha kwanza cha namna hii, cha mwaka 1987, kipo hapa barazani. Panya walikata mshono mmoja. Juzi nimeulowesha ukili, nikaushona upya, na kabla ya adhana ya magharibi ulikuwa umekwisha kukaza.