Punje ya Mbaazi

Ndugu msomaji, mie ni mtu wa umeme. Nasema mapema usije ukanidhania vingine. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Nachingwea, na siku umeme ukikatika watoto wanakula uji wa jioni bila sukari. Kwa hiyo jiwe la msingi la bwawa la Mto Rufiji lilipowekwa Julai 26, 2019, nilishangilia kama wenzangu. Mitambo 9, megawati 2,115! Jumapili iliyofuata nikapanda gari la Ruangwa kumsalimu Bibi, mdomo umejaa habari.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini?"

"Umeme."

Bibi alikuwa Mngindo, mzaliwa wa upande wa Madaba, ile ya Liwale, si ile ya Songea. Miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wangindo kwa maelfu, sababu ikatajwa kuwa malale, na nchi waliyoiacha ikaingizwa katika pori la akiba la Selous. Yeye alikuwa binti mdogo, akapewa kuku wa kubeba. Nyuma waliacha mibuyu, mashamba na makaburi, likiwemo la babu yake, aliyekunywa maji mwaka 1905 na kwenda kupigana na Wajerumani. Bibi alipolitaja kaburi hilo alishusha sauti.

Alikuwa anapepeta mbaazi. Akauliza bwawa linajengwa wapi.

"Korongo la Stiegler."

"Ndiye nani?"

"Mzungu. Wanasema aliuawa na tembo pale, 1907."

"Na huyo Selous?"

"Mzungu pia. Alipigwa risasi na Wajerumani, 1917, akazikwa humohumo porini."

"Alaa! Kumbe ukitaka nchi iitwe kwa jina lako unakwenda kufia kule. Mbona babu yangu alifia kule?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza: "Maji hayo yatafika kwa babu?"

Nikatoa daftari na kalamu ya bluu, nikajifanya mwalimu. Hapa Kilombero na Luwegu zinakutana, zinakuwa Rufiji. Hapa Ruaha Mkuu inaingia. Hapa korongo, hapa ukuta, na ziwa litajaa nyuma yake. "Sasa nionyeshe, babu yuko wapi?"

Aliitazama karatasi muda mrefu. Akachukua punje ya mbaazi, akaiweka. "Hapo." Akaisogeza. "La, hapo. Ukitoka Liwale unalala njiani, asubuhi unaona mibuyu miwili imeegemeana."

"Bibi, kwenye karatasi hakuna mibuyu."

Nikamwambia maji hayafiki, ziwa liko mbali sana, kaskazini. Na mpaka leo naamini sikumdanganya. Kisha nikaipangusa ile punje, nikafunga daftari, maana gari la kurudi lilikuwa linapiga honi.

Baadaye nilifuatilia ule ubishi wa bwawa. Selous iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982, kwa vigezo vya asili tu. Mwaka 2014, kwa ajili ya ujangili, ikaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2021 wataalamu wa UNESCO wakapendekeza ifutwe kwa sababu ya bwawa, kamati ikakataa. Waliolitetea bwawa walihesabu megawati. Waliolipinga walihesabu tembo, faru na miti, wakasema pori lile halijaguswa na mtu. Hapo nilichoka, bwana. Halina watu kwa kuwa watu waliondolewa! Katika yote niliyosoma, pande zote mbili, kaburi la Mngindo sikuliona hata moja. Na mie niliyekuwa na shahidi mzee, anayekumbuka mibuyu, nilimpa dakika tano.

Bibi alifariki 2021. Wajomba zangu wamezaliwa huku, ukiwauliza kaburi liko wapi wanakunyooshea mkono magharibi, basi.

Desemba 22, 2022 Rais Samia alizindua ujazaji wa maji. Nilitazama kwenye televisheni kibandani, wateja wakapiga makofi, nami nikapiga. Walipoondoka nikalitafuta lile daftari. Mito ipo, ukuta upo, ziwa nimelipaka wino wa bluu mpaka karatasi imelowa. Upande wa kusini ni peupe. Niliinamisha karatasi kwenye taa nione kama punje iliacha alama.